Ua wa Mwami, Mtaa wa Swahili

Usijifanye hukusikia. Ulisikia kama wote walivyosikia, maana hapa Rumonge habari haifichiki. Inashuka ufukweni pamoja na ndagala, dagaa wa asubuhi, na kabla jua halijapanda imekwisha kufika Magara. Ulisikia kwamba mwami wa Bucirika, chifu wa ule mlima wa Kongo, amekimbia vita, amevuka ziwa, anakaa nyumba ya kupanga nyuma ya lango la bati. Ulisikia pia kwamba amekubali kuutoa mlima mzima kwa watu wenye bunduki ili wamrudishe kitini. Ukasema nini? Ukasema ni mambo ya Wakongomani. Na wewe uliyezaliwa Bucirika, uliyeogeshwa utotoni kwa maji ya chemchemi zake, ukasema una kazi nyingi, utauliza siku nyingine, ukainamia simu yako. Basi inua kichwa usome, maana yuko mtu ambaye hakuinama.

Mtu huyo ni Agata. Anakamua mawese pembeni ya mtaa wa Swahili, yeye na jirani yake Salima. Alivuka ziwa mwaka wa ile vita ya kwanza, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na tangu hapo amechemsha chikichi za watu mpaka viganja vyake vimeshika rangi ya kutu isiyotoka kwa sabuni yoyote. Kirundi anakisema vizuri, hata wanaoleta mihogo kutoka Bugarama humdhani wa kwao. Lakini ukimuuliza nyumbani ni wapi, bado ananyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya maji, ambako asubuhi isiyo na ukungu milima inasimama ya buluu, mmoja nyuma ya mwingine. Bucirika hauonekani kutoka hapa. Uko nyuma ya ile ya kwanza. Agata anauona hivyo hivyo.

Anauona hasa mwisho wa kiangazi, kwa sababu huo ulikuwa msimu wa ua.

Enzi za Mwami Lameki, baba yake huyu wa sasa, kila mwaka kabla ya tone la kwanza la mvua, ua wa mwami ulibomolewa wote ukajengwa upya. Ulikuwa ua wa matete, mrefu kumpita mtu aliyenyoosha mkono, umezunguka nyumba zake zote juu ya mgongo wa mlima. Haukujengwa na mafundi. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, pale pale babu zao walipojenga, kati ya majirani wale wale. Ukoo wa Agata, Balugaza, walishika upande wa mawio. Wanaume waliteremka bondeni kukata matete, wanawake walisokota kamba za magome ya migomba, watoto walipigana kwa mabua yaliyobaki. Kulikuwa na mitungi ya kasiksi, ile pombe ya ndizi inayokaa ulimini na ladha ya moshi. Kulikuwa na maharage yaliyopikwa na ndizi mbichi. Na kulikuwa na matusi matamu, maana kila ukoo uliangalia kazi ya jirani na kusema kwamba mafundo yale yanafaa kufungia mbuzi, na mbuzi mwenyewe mgonjwa.

Ua ukishafunga mduara, Mwami Lameki alitoka nje. Alivua viatu vyake, akatembea peku kando ya matete. Alifika kwenye kipande, akakishika, akataja jina la ukoo. Halafu akasimama.

Hapo ndipo penyewe. Mtu wa ukoo ule, akiwa ameshika kipande chake, alikuwa na haki ya kumwambia mwami lolote, na mwami alisimama mpaka yule mtu aseme, "Nimemaliza." Hakumkatiza. Hakuketi. Hakutuma vijana baadaye kwenda kumtafuta nyumbani. Kama jua lilizama kabla watu hawajamaliza, aliruhusiwa kulala, lakini ndani ya ua ule ule, na kesho yake alirudi pale pale alipoishia. Na mwami ambaye angeondoka kabla ya neno lile, siku hiyo hiyo asingekuwa mwami tena. Angekuwa mwanamume mwenye viti vingi, basi.

Agata alikuwa msichana mdogo siku shangazi yake mjane alipomsimamisha Lameki juani kwa ajili ya ng'ombe aliyechukuliwa na mpwa wa mwami. Shangazi alianza na ng'ombe, akaingia kwa mama yake ng'ombe, akapanda mpaka kwa nyanya yake ng'ombe, akaeleza tabia ya kila mmoja na kiasi cha maziwa yake, kisha akahamia kwenye tabia ya mpwa, na hapo alikaa sana. Jasho la mwami lilidondoka kutoka kidevuni. Watu waliuma midomo wasicheke. Ng'ombe alirudi kabla jua halijazama, akifuatwa na ndama ambaye hakuwa wake.

Na mwaka wa njaa, mihogo ilipoozea ardhini, Lameki alipita kando ya ua, na kwa kila ukoo aliuliza yeye kwanza: jikoni kwenu kuna nini? Waliosema hakuna, ghala lilifunguliwa. Waliosema kipo kwa sababu ya haya, aliwatazama mikono, akafungua ghala vilevile. Hivyo ndivyo walivyokaa. Watu walimpa mwami ua, na ulinzi, na maharage ya kwanza ya shamba. Mwami aliwapa sikio, na ghala, na ile ardhi aliyokabidhiwa na wafu aishike kwa niaba ya watakaozaliwa. Kila upande ulijua unachodaiwa, na kila upande ulikuwa na njia ya kudai. Leo ukimweleza kijana jambo hili anafikiri unamsimulia ndoto.

Sasa tuje kwa Hubert. Ndiye mwami wa leo. Baba yake alipokufa alikuwa masomoni mjini, akarudishwa mbio, akavikwa ngozi ya umwami. Mwaka wake wa kwanza ua ulijengwa nusu. Mwaka uliofuata vita ilipanda mlima na hakuna aliyekata tete hata moja. Alizunguka na vita kutoka kijiji hadi kijiji, na mwisho akaangukia Rumonge kama wengine, tofauti ni kwamba yeye alikodishiwa nyumba: nyumba ya Uledi, kaka yake Salima, yenye ukuta wa matofali uliopakwa rangi ya pinki.

Watu wa Bucirika walioko ufukweni walifurahi kumpata. Walimpelekea ndagala, unga, mawese. Mlangoni alisimama Cubaka, jamaa mwembamba wa upande wa mama yake mwami, anayevaa koti hata joto la Rumonge likiwa la kuyeyusha mshumaa. Cubaka alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akapiga makofi mazito ya baraza kama yalivyopigwa zamani, akasema, "Mwami amepokea." Watu walirudi makwao wamenyooka migongo. Walikuwa na mwami. Hawakuwa tena wakimbizi tu.

Halafu Jumapili moja baada ya misa, Cubaka aliwakusanya nje ya kanisa, akawatangazia neema. Mwami amezungumza na wale wanaoushika mlima. Wamekubali kumrudisha kitini kwa heshima zote. Jumamosi asubuhi boti ya mashine itamchukua bandarini. Na yeye, kwa kushukuru, atawakabidhi Bucirika kwa mkono wake, kwa donge la udongo kama desturi ya kutoa ardhi ilivyo, wapate kuchimba mawe yao ya madini. Wananchi watatafutiwa mahali pengine.

Watu walipiga makofi. Ndiyo, walipiga. Mtu aliyekaa miaka mingi ugenini akisikia neno kurudi, mikono inatangulia masikio. Agata naye alipiga, kisha mikono yake ikasimama hewani. Alimgeukia mzee Akonkwa, ambaye ukoo wake ulijenga ua mkono wa kushoto wa Balugaza, na ambaye siku hizi anashona nyavu za wavuvi, akamuuliza mahali pengine ni wapi. Akonkwa akasema hilo neno hakulisikia, masikio yake siku hizi yana maji.

"Ya ndagala unasikia," Agata akamwambia, "ya mlima ndiyo yana maji."

Hakulala vizuri wiki ile. Mama yake amelala Bucirika, chini ya mteremko, na baba yake, na kaka zake wote wawili, amewazika mwenyewe. Mlima ukichimbwa, hao watatupwa bondeni pamoja na kifusi, na wote wanaosema kila Krismasi kwamba mwaka ujao tutakuwa nyumbani hawatakuwa tena na cha kusema. Alijaza mawese chupa kubwa, akaenda kwenye lango la bati kuomba kuonana na mwami. Cubaka alipokea chupa, akapiga makofi, akasema mwami amepokea, ila amepumzika. Alirudi kesho yake na chupa nyingine. Mwami amepokea, ila yuko kwenye mazungumzo. Alirudi tena, mikono mitupu, na safari hiyo lango halikufunguliwa kabisa.

Alirudi kwenye mtambo wao wa kukamulia, akashika mpini kwa hasira mpaka chuma kikalia. Salima alimtazama kando ya macho. Salima ni wa mtaa wa Swahili toka babu. Huyo babu aliletwa kutoka Ujiji zamani za Wabelgiji kuja kushona nguo, na ulimi wa familia umebaki mkali kama mkasi.

"Weye Agata," alisema, "huyo mwami wenu iko namna gani? Anakula mawese yangu, masikio hana. Mie hata paka wangu akila ananitazama usoni."

Agata alicheka, akaendelea kusukuma, halafu akaacha. Alikuwa amekumbuka makofi. Mwami amepokea: neno lile halisemwi barabarani, halisemwi kwenye nyumba ya kupanga. Linasemwa mahali pamoja tu, barazani kwa mwami. Cubaka mwenyewe, kwa mikono yake miwili na koti lake, alikuwa ameigeuza nyumba ya Uledi kuwa baraza. Na baraza lisilo na ua halijawahi kuwepo.

"Salima," alisema, "matete mazuri yanapatikana wapi?"

Walienda mdomoni mwa mto Dama, wakiwa na panga moja na woga wa viboko. Salima alikwenda akilalamika njia nzima kwamba yeye hana mwami, hana mlima, ana magoti mabovu tu, lakini alikata zaidi ya Agata. Uledi alipoambiwa kitakachosimama mbele ya nyumba yake alishika kichwa. Aliuliza kama matete yatakwaruza rangi. Dada yake akamjibu kwamba rangi ile hata kuku wa mtaa wanaicheka, na kwamba kama anapokea kodi ya mwami basi apokee na ua wake. Uledi akaenda zake msikitini, jambo ambalo kwa Uledi ni kukubali.

Ijumaa mchana Agata alipanda nguzo zake upande wa mawio wa ukuta wa pinki, kando ya lango. Alifanya polepole. Mikono ilikumbuka kabla yake: tete nene chini, jembamba juu, ncha zote zikitazama mbingu, kamba ikipita mbele, nyuma, mbele. Alijikuta anaimba ule wimbo wa kukaza fundo, ambao una maneno yasiyofaa kuhusu wakwe, na alipofika kwenye kiitikio alinyamaza kwa mazoea akingoja kaka zake waitikie. Kisha akaitikia mwenyewe.

Akonkwa alipita akienda ufukweni, akasimama, akaangalia. Aliuliza anafanya nini, ingawa alikuwa anaona. Alisema fundo la tatu limelegea. Alisema Balugaza siku zote wamefunga kama wanafungia mbuzi. Agata alimwambia kipande cha kushoto ni chake, kama masikio yamekauka. Mzee aliendelea na safari yake ya ufukweni. Jioni alirudi na wajukuu wake na kamba za nailoni za kushonea nyavu, kwa kuwa migomba ya watu haichunwi bila ruhusa. Wale wajukuu, waliozaliwa hapa hapa ufukweni, hawajawahi kuona ua wa mwami. Wanajua ua wa kuogea tu, wa uani. Wakajenga wanachokijua, mfupi wa kufika mabegani, na upande mmoja wakaacha nafasi ya kupitisha ndoo.

"Aa," Salima alisema, "mumemujengea mwami bafu."

Hata Akonkwa alicheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi, la kukohoa. Wakabomoa, akawaonyesha upya. Mama mmoja kutoka Magara, aliyekuja kuuza samaki, aliona ile kazi akaanza kulia pale pale kwenye beseni lake. Alikuwa wa ukoo wa mkono wa kulia wa Balugaza. Jumamosi asubuhi na kipande chake kilikuwa kimesimama.

Cubaka alifungua lango mapema akakuta matete. Alitazama juu, chini, akauliza ni takataka gani hii. Agata alikuwa amesimama wima, ameshika kipande chake kwa mkono wa kulia.

Alimwambia Cubaka kwamba Balugaza wako kwenye ua wao. Cubaka akasema huo ua uliisha na vita. Akasema na hata kama usingeisha, Agata ni mwanamke, na aliolewa nje ya ukoo, kwa hiyo hana kipande. Ndipo Akonkwa akafungua mdomo. Alisema shangazi yake Agata alikuwa mwanamke, na alisimama pale pale, na mwami Lameki alitoka jasho. Yeye Akonkwa alikuwepo kijana, alicheka kwa sauti, akachapwa na baba yake, na bado anaikumbuka ile fimbo. Kama Cubaka anataka ushahidi zaidi, amtafute ndama.

Watu walikuwa wanajaa barabarani: wa Bucirika, na wa mtaa, na wenye baiskeli za kubebea matenga waliosimama kuangalia tu. Katikati ya zogo hilo, Hubert akatoka.

Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeupe vya michezo, begi begani. Mtu wa makamo, mnene kidogo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliona watu, akainua mkono kama mtu anayeaga kituoni. Halafu aliona matete. Mkono ukashuka.

Cubaka alimnong'oneza kwamba boti inangoja, tena ziwa halingoji, upepo wa mchana ukianza mawimbi yatakuwa makubwa. Hubert hakusogea. Agata naye hakusema kitu, maana desturi haimruhusu kuanza. Mwami ndiye anayetaja ukoo. Alimtazama tu. Alikumbuka kwamba mtoto huyu, mwaka mmoja, alipitishwa kando ya ua mabegani mwa baba yake, mikono yake midogo ikigusa kila tete lililopita.

Hubert aliinama. Alifungua kamba za kiatu cha kwanza, na cha pili. Akaweka begi chini. Akatembea peku juu ya mchanga wa barabara mpaka upande wa mawio, akashika matete, na kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia akasema, "Balugaza."

Akasimama.

Agata alianza. Hakuanza na boti. Alianza na chemchemi, ile ya juu, ambayo maji yake yanauma meno, na nani aliijengea mawe. Alisema mteremko wa baba yake, mti kwa mti. Alisema harusi zilizopita njia ile na nani alianguka kwenye tope na vazi jeupe. Alisema kasiksi ya mwaka wa mavuno makubwa, wazee walipolala chini ya ua wakaamkia vipande vya watu wengine wakidai ni vyao. Alisema njaa, na ghala, na Lameki akitazama mikono ya watu. Wale wa Bucirika walianza kuitikia, mara kicheko, mara kile kilio kifupi cha kooni. Alisema wafu kwa majina, moja moja, bila haraka, na mwami alilazimika kuyasikia yote. Jua lilipanda. Mashine ya boti ilisikika bandarini ikiwashwa, ikazimwa, ikawashwa.

Cubaka hakuvumilia. Alimshika mwami kiwiko, akasema inatosha, huyu mama atasema mpaka kesho.

Agata alimgeukia, bila kuachia matete.

"Nitasema mpaka keshokutwa. Wewe fikiri kidogo, Cubaka. Wale watu wa ng'ambo hawamtaki Hubert. Hubert atawasaidia nini? Wanamtaka mwami wa Bucirika, kwa sababu donge la udongo likitoka mkononi mwa mwami, ardhi imetoka. Akiondoka hapa kabla sijamaliza, mbele ya watu wote hawa, utakuwa umepakia kwenye boti mtu mnene mwenye begi. Waambie wamkaribishe."

Cubaka aliachia kiwiko.

Hubert alikuwa ameinua mkono, kiganja wazi, kama mwanafunzi darasani. Hakuwa na ruhusa ya kumkatiza, basi aliomba. Agata akainamisha kichwa kumpa ruhusa.

"Mama Agata," alisema, "nikikataa wataniua. Wameshaniambia, tena kwa upole. Wanajua ninapolala. Usiku niko na Cubaka na mbwa wa Uledi, na mbwa mwenyewe ni rafiki wa kila mtu. Zamani kila ukoo ulilala kwa zamu kwenye kipande chake, asiyetakiwa asipite. Baba yangu aliweza kusikiliza kwa sababu alikuwa na mgongo. Mimi nimekaa hapa tangu mvua za mwaka jana. Mmeniletea ndagala, mmeniletea mawese, Cubaka amepiga makofi, mmerudi nyumbani. Nani kati yenu aliuliza ninaogopa nini?"

Ilikuwa kweli. Walikuja langoni kuona kama bado wana mwami. Kama mwami ana watu, hilo hawakuliangalia. Walimpa chakula kama anavyopewa mgonjwa, wakangoja afanye kazi ya mzima. Ua ule wa Bucirika haukuwa tu mahali pa kumlalamikia. Ulikuwa mwili wa watu uliomzunguka, kwamba anayemtaka apitie kwao kwanza.

Upepo wa mchana ukaanza. Ziwa liligeuka rangi, mawimbi yakaanza kupiga mawe ya bandari, na mwenye boti akatuma mtu kusema hawezi kungoja zaidi, anaondoka, atarudi Jumamosi ijayo. Wakaisikia mashine ikienda, ikififia kuelekea milima.

Hubert aliangalia ukuta wa Uledi. Upande wa mawio, vipande vitatu vya matete. Upande wa ziwa, matofali ya pinki. Nyuma, matofali. Upande wa msikiti, matofali.

"Ua ukifunga mduara kabla boti haijarudi," alisema, na sasa hata wa nyuma walisikia, "na ukiwa na watu, siendi. Nitawaambia wale kwamba Bucirika si wangu kuutoa, na wakitaka kunijia watawakuta ninyi. Ukibaki hivi ulivyo, nitapanda. Sitawadanganya. Mimi si shujaa."

Akabaki amesimama, kwa sababu Agata alikuwa bado hajasema amemaliza. Na hakusema. Jua lilipozama alimruhusu mwami akalale, akatandika mkeka wake chini ya matete, upande wa nje. Akonkwa alilala kwenye kipande cha kushoto, akikoroma. Mama wa Magara alilala kwenye kipande cha kulia, akatuma salamu kwamba samaki wake wauzwe na mwingine. Salima alileta chai, akasema mtambo atausukuma peke yake ila asisikie mtu anauliza kuhusu magoti yake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo leo unaposoma. Watatu wanalinda mlima mzima, na kati yao mmoja ana kikohozi.

Wewe unajua ukoo wako. Kama hujui, mpigie mama yako sasa hivi umuulize kipande chenu kilikuwa upande gani na jirani alikuwa nani. Uko Nyanza-Lac unauza chikichi, uko Bujumbura unaendesha teksi, uko Uvira, uko Kigoma. Hakuna mahali hapo ambapo ni mbali na Jumamosi. Na wewe usiye wa Bucirika, wewe wa hapa hapa mtaani unayepita kila siku na baiskeli yako, kamba unayo, panga unalo, usiku mmoja wa kulala nje haujawahi kukushinda ukiwa na harusi. Wewe mwenye boti, Jumamosi mashine yako inaweza kuharibika. Matete ya Dama yako mengi, hayana mwenyewe. Amka ulipo. Yakate leo, uyabebe, uje upande nguzo yako, na ukishaishika usiondoke.